Kigae Chenye Joto

Kigae kilikuwa na joto. Vingine vyote dukani vilikuwa baridi kama pua ya mbwa, lakini kile cha rangi ya udongo, kwenye boksi la mwisho, kilikuwa na joto la kiti alichotoka kukalia mtu sasa hivi.

"Kimepigwa jua," alisema muuzaji, bila kukigusa. Duka lilikuwa kivulini tangu asubuhi. "Hivi vilirudishwa. Ukivichukua, mama, mimi sivipokei tena."

Mama Kitinda hakuwa na muda wa kudadisi. Kitindamimba wake alikuwa anatambaa, na saruji baridi ilishampa kikohozi kisichosikia dawa. Sakafu yenye joto? Angechagua nini tena?

Fundi alipomaliza kuvipanga alivigonga kimoja kimoja kwa mpini wa mwiko, kama wafanyavyo mafundi, kusikiliza kama kuna uwazi chini. Katikati ya chumba alisita.

"Hiki kinaitika."

"Kina uwazi?"

"Hapana, mama. Nagonga mara moja, chenyewe kinagonga mara mbili."

"Fundi, wewe una njaa. Sogea nipige deki."

Fundi aliondoka mbiombio, mwiko akausahau. Kipande cha kigae kilichobaki Mama Kitinda alikisukuma chini ya mguu wa kitanda cha mtoto, maana kitanda kilikuwa kinayumba.

Kikohozi kilikoma. Kitinda hakulia tena, na mama yake, ambaye tangu ajifungue hakujua usingizi wa kueleweka, alishukuru. Mtoto alishinda akigonga sakafu kwa kijiko, akisikiliza, akicheka. Kisha akaanza kukataa ziwa. Akibebwa, analia, akishushwa, anatambaa hadi katikati, anajilaza kifudifudi, midomo kwenye kigae, ananyonya. Chumba kikanuka maziwa yaliyochacha.

Alasiri moja mama alivua ndala akakanyaga kigae baada ya kigae, vyote baridi, isipokuwa pale alipolala mtoto, na alipomwinua kumweka pembeni joto nalo likahama, taratibu, kigae kwa kigae, kama mtu anayejikokota kwa makalio chini ya sakafu, mpaka likamfikia mtoto likatulia, na mtoto akafumba macho, akampa mama yake kisogo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaita: "Mama."

Aliitwa bibi mganga. Aliinama, akanusa, akarudi hadi mlangoni.

"Huyu hana shida na nyumba yako, mwanangu," alinong'ona. "Ni jini aliyenyang'anywa mtoto. Anafuata vigae hivi popote viendapo, anatafuta mwingine. Ng'oeni vyote. Kisibaki hata kimoja."

Fundi alirudi, akang'oa huku bibi akisoma dua. Kila kigae kilipobanduka, kitu kiliguna. Vikapondwapondwa, vikafukiwa mbali.

Jioni ile Kitinda alilia: kilio cha njaa, kikali, cha kukera. Mama yake, aliyekuwa jikoni akinawa vumbi la saruji, alicheka mwenyewe.

"Nakuja, jamani! Mwite mama yako, nakuja!"

Kilio kikakatika ghafla.

Harufu ya maziwa yaliyochacha ikapita mlangoni. Alipofika chumbani, Kitinda alikuwa kitandani, ametulia, kijiko mkononi. Akagonga ubao wa kitanda mara moja, akatega sikio.

Chini, kwenye ule mguu usioyumba tena, kitu kikagonga mara mbili.