Mkaguzi Aliyefumua Gauni

Kwa miaka thelathini na moja alikagua mishono katika kiwanda cha nguo. Uzi uliolegea haukumpita. Wenzake walimwita Jicho.

Siku aliyostaafu walimpa zawadi ya saa ya ukutani. Mwezi wa kwanza alilala mpaka akachoka kulala. Wa pili, alikaa akiisikiliza saa ile. Wa tatu, akasogeza kiti chake kando ya cherehani ya mkewe, aliyekuwa akiwashonea wateja pale sebuleni.

"Hapo umepinda," Jicho alisema.

"Nimeona."

"Na hapo pia."

"Mume wangu, kanywe maji."

Jumamosi moja mkewe alitoka kununua vifungo. Aliporudi, alikuta gauni la mteja, la kuchukuliwa saa kumi jioni, limefumuliwa pande zote mbili.

"Mshono ulienda kombo," Jicho alisema, wembe mkononi, kifua mbele.

Mkewe hakupiga kelele. Hilo ndilo lililomtisha Jicho.

"Hapa si kiwandani," mkewe alisema polepole. "Ukigusa tena kazi yangu, cherehani inahamia kwa dada yangu. Na mimi naifuata."

Jicho akatoka nje, amenywea. Jirani yao, nesi mstaafu, alikuwa akianika nguo.

"Shemeji, kulikoni?"

"Nimefukuzwa kazi mara ya pili."

Alipomsimulia, nesi alicheka mpaka akaweka beseni chini.

"Mimi nilipostaafu, niliwapima presha watu wa nyumbani kila asubuhi. Binti yangu akaanza kutokea mlango wa nyuma! Shemeji, kustaafu kunakuondolea kazi, hakukuondolei saa. Usipozipangia saa zako, utakula za wenzako."

"Basi nifanye nini?"

"Chukua karatasi, andika siku saba. Tafuta jambo la mwili. Hata kutembea kunatosha. Tafuta watu wa kuzungumza nao nje ya nyumba. Tafuta na kazi ya mikono unayoiweza. Usijaze kila saa, kupumzika nako kuna nafasi yake. Halafu kaa na mkeo muipitie."

Jicho alichomoa kalamu na karatasi mfukoni, akaandika papo hapo. Jumatatu: kukagua cherehani. Jumanne: kukagua cherehani.

Nesi akampokonya kalamu, akakata yote. "Hiyo ni ratiba ya mkeo! Yako iko wapi?"

Jicho alirudi ndani. Aliomba radhi, akatunga uzi kwenye sindano. Wakalishona upya gauni pamoja, safari hii mkewe akimkagua yeye.

"Hapo umepinda," mkewe alisema.

"Nimeona," Jicho akajibu, na wote wawili wakacheka.

Mteja alipobisha hodi, gauni lilikuwa tayari. Alipoondoka, wakaketi na karatasi.

Siku hizi Jicho hutembea asubuhi na mume wa nesi. Mwanzoni walitembea kila siku, magoti yakalalamika, wakapunguza hadi siku tatu kwa wiki. Jumanne na Alhamisi anafundisha vijana ushonaji katika chuo cha ufundi. Wanamwogopa, lakini hawakosi kipindi chake. Jumapili humtembelea kaka yake. Jumatano ameiacha wazi, na haimsumbui tena.

Jumanne moja alikuwa akifunga kamba za viatu mkewe alipomwita.

"Mume wangu, njoo unikagulie kola hii. Inanishinda."

Jicho akaitazama saa ya ukutani.

"Wanafunzi wananingoja, mke wangu. Kesho nina nafasi."

Mkewe akaiweka kola kando, akatabasamu, akaendelea kushona.