Kompyuta Iliyokuwa Ikibisha kwa Badru

Ayubu na kaka yake Badru walikuwa na studio ya picha pale Pangani, njia ya kwendea kwenye pantoni. Badru akapooza miguu, lakini kazi hakuacha. Akawekewa kompyuta kando ya kitanda, chumba cha nyuma, ikafungwa waya mpaka kwenye ile ya dukani. Picha zote zinakaa kwake. Ayubu anapiga, Badru anazisafisha huko huko alikolala.

Ayubu roho ikamuuma: duka la wawili, anayesimama mmoja. Mchana mmoja akazihamishia picha kwake, akachomoa waya, akaibeba kompyuta ya mgonjwa.

"Mdogo wangu, hiyo ndiyo miguu yangu," Badru akamwambia.

"Basi tembea, tukuone."

Pantoni ilipofika katikati ya mto, akaitosa.

Badru hakula tena. Akafa kageukia ukuta. Msibani shangazi yao, Kijakazi, akamvuta Ayubu pembeni.

"Ulimwomba radhi?"

"Nimwombe kwa kipi, shangazi?"

Matanga yakaanuliwa, Ayubu akafungua duka. Kompyuta ikawaka, ikaganda. Kila akiifungua, inaganda. Wateja wanangoja, wanasonya, wanaondoka. Akaitwa fundi Eliudi.

"Hii bado inazifuata picha kwenye mashine ya Badru," fundi akasema. "Njia ya zamani imo humu. Inabisha hodi, haiitikiwi, inasimama kungoja. Niifute hiyo njia?"

"Ifute."

Kesho yake, adhuhuri, ikafunguka chapu. Ikaleta picha moja tu. Hafsa, mtoto wa pekee wa Ayubu, aliyekwenda kwa bibi yake Maramba. Kafumba macho. Pamba puani.

Picha hiyo Ayubu hakuipiga.

Akashika simu, akampigia mama mkwe. "Mama, Hafsa yuko?"

"Huyu hapa, ananimalizia mihogo. We Hafsa, baba'ako!"

"Shikamoo baba."

Machozi yakamtoka. "Marahaba, mwanangu."

Akabonyeza aifute ile picha. Ikaganda.

Nyuma ya ukuta, kule chumbani, sauti ndogo.

"Mdogo wangu."

Ayubu akabonyeza tena.

"Mdogo wangu, niitikie."

Akaziba masikio. Hakuitika.

Sauti ikakoma. Simu ikalia. Mama mkwe, analia. Mtoto alikuwa anacheka. Kaanguka. Basi.

Akaoshwa huko huko Maramba, mashambani, mto mbali, bahari mbali. Ngumi moja ilikataa kufunguka. Wanawake wakaikunjua kidole kidole. Ndani mna matope ya mtoni, mabichi, na kaa mdogo, mzima, anatembea.