Aliye Ndani Ajibu

Ngo.

Mara moja tu, kama kiganja kilichogonga bati kisha kikajuta. Cassian, ambaye msimu wa kahawa hulala kinuni kulinda magunia, alifungua macho akasubiri mlio wa pili. Haukuja. Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi. Mota ilikuwa baridi, mkanda umelegea, na hapakuwa na sababu yoyote ya chuma kulia.

Asubuhi alikuta pumba zimemwagika mbele ya tundu la nyuma, rundo dogo, lenye joto. Alichota kidogo akanusa. Pumba za kahawa kavu hunukia vumbi tamu. Hizi zilinuka kama kitambaa cha kidonda.

Hakumwambia mtu. Yeye ndiye aliyeendesha mashine ya kinu kile, njiani kuelekea Kituntu, na wiki tano zilikuwa zimepita tangu mashine hiyo imchukue mkono kibarua mgeni, Privatus, hadi begani. Privatus alikaa hospitali siku nne. Siku ya tano walimzika Kituntu, chini ya msalaba wa mbao wenye jina lake kwa rangi nyeusi. Mkewe, Liliane, mama wa mtoto Therese, alilia siku mbili, "mume wangu, mume wangu," na baadhi ya wanawake walishangaa kwamba hakumtaja jina hata mara moja. Mwenye kinu alimpa nafasi ya kuchambua kahawa palepale, akaona amemaliza.

Kinu kile kina ukuta katikati. Swichi iko upande huu. Upande wa pili kuna tundu ambalo mtu huingia kuzibua pumba zinapokwama kwenye msokoto wa chuma unaozisukuma nje. Anayewasha hamwoni anayezibua. Kwa hiyo wana desturi yao: kabla ya kugusa swichi, Cassian huita majina ya walio zamu, mmoja mmoja. Aliye nje hunyamaza. Aliye ndani hujibu, "Nimo."

Siku ile alimwita Privatus mara tatu. Kimya. Akawasha.

Jumatatu aliita kama kawaida. "Anatory." Kimya, Anatory alikuwa pembeni yake, anakunja gunia. "Nolasco." Kimya. Cassian alinyoosha mkono.

Ngo.

Wote watatu walizunguka ukuta. Tundu lilikuwa tupu.

"Panya," alisema Nolasco.

"Panya wa hapa ana kiganja?" Anatory alijaribu kucheka. "Basi naye apewe zamu."

Hakuna aliyecheka naye. Kwenye mikeka, wanawake waliokuwa wakichambua walikuwa wameacha mikono hewani, na Liliane alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kitenge.

Tangu hapo haikupita siku. Kila Cassian alipoita majina, kitu ndani kiligonga, si kwa hasira, si kwa nguvu, bali kwa uvumilivu wa mtu aliyefika mlangoni na hajui kama nyumba ni yenyewe. Na harufu ile ya kidonda ikatoka tunduni ikatambaa juu ya mikeka, ikaingia katika nywele za wanawake, ikawafuata nyumbani hadi kwenye sahani zao. Na Alhamisi, swichi ikiwa imezimwa na watu wote wakiitazama, msokoto wa chuma ukajigeuza wenyewe nusu mzunguko, polepole sana, kama mtu anayegeuza shingo baada ya kudhani ameitwa.

Wanawake wakasema ni jini. Wakamleta bibi Costansia kutoka Bweranyange.

"Shikamoo, bibi," alisema Cassian.

"Marahaba. Ndiye wewe unayeita?"

"Ndiye mimi."

Costansia aliketi juu ya gunia, akatoa amwani, kahawa yake ya kutafuna, akaweka punje mbili mdomoni na moja kwenye ukingo wa tundu. Kisha akatega sikio.

"Jini likiitwa vibaya hukasirika," alisema. "Huyu hakasiriki. Huyu anasubiri. Mlimzika kwa jina gani?"

"Privatus."

"Mwite."

Cassian aliita. Hakuna kilichogonga. Aliita tena, na tena, mara tatu kama siku ile, na kimya kilichofuata kilikuwa kilekile, chenye unene uleule, hata akajikuta anautazama mkono wake wa kulia kama mali ya mtu mwingine.

"Jina hilo halina mtu humu," alisema Costansia. "Nyie watu wa vinu, mkishaandika orodha mnadhani mmemjua mtu."

"Bibi, nilimwita mara tatu. Kila siku najiuliza. Kwa nini hakujibu?"

Sauti ilitoka kwenye mikeka.

"Hukumwita, shemeji."

Liliane alikuwa amesimama. Punje za kahawa zilianguka kutoka mapajani mwake.

"Privatus yuko hai," alisema kwa sauti ya chini. "Yuko Kibingo, analima ndizi. Alituazima kitambulisho, maana sisi tumevuka mpaka, hatuna, na bila kitambulisho hapa hakuna kazi. Siku kumi na tisa tu alilitumia jina hilo, shemeji. Kila jioni nilikuwa nasonga ugali namwita, Privatus, ili azoee kugeuka. Anasahau. Namwita tena, anasahau, tunacheka. Nikamwambia, utazoea."

Cassian alikaa chini sakafuni.

"Mama Therese," alisema, "kwa nini hukusema?"

"Nikilitaja jina lake, kesho watauliza na langu. Mimi na mtoto tutapelekwa wapi?"

Costansia alitema ganda la kahawa kiganjani.

"Hilo sijui, mwanangu. Najua tu kwamba aliambiwa aliye ndani ajibu akiitwa. Bado anangoja kuitwa."

Cassian alichomoa fyuzi, akaitia mfukoni, akarudi kusimama mbali na swichi, mikono nyuma, kama mtu aliyefungwa. Liliane alizunguka ukuta peke yake. Walimsikia akipiga magoti kwenye pumba, wakasikia pete yake ikigusa bati, wakasikia, kutoka ndani, kiganja kikijibu mahali palepale, taratibu, ngo, halafu kikibaki hapo bila kuondoka, bati moja jembamba kati ya mkono na mkono.

"Jioni imefika," alisema. "Toka sasa. Chakula kipo."

Kisha, bila kujali nani anasikia, kwa sauti ya mke anayemwita mumewe arudi kutoka shambani, alimwita kwa jina alilozaliwa nalo.

"Niyomugabo."