Anueni!

Saa nane mchana, karafuu zilikuwa zimeifunika barabara ya udongo inayoingia kijijini, si mbali na Pujini, kisiwani Pemba, kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Zilianikwa juu ya majamvi, kwa sababu udongo ule mgumu hushika joto, na karafuu hukauka upesi kuliko uani. Sheha, kiongozi wa kijiji, alikwishalikataza jambo hilo. Hakuna aliyemsikiliza, kwani gari zilizopita pale zilikuwa chache, na madereva walizoea kusubiri majamvi yakunjwe.

Rahila, mwanafunzi wa darasa la sita, alikuwa akifukuza kuku wasizitawanye karafuu za mama yake. Ndiyo kazi yake kila akitoka skuli katika msimu wa mavuno.

“We mke mwenzangu!” Bi Shadya alimwita kutoka dirishani mwake. Bibi huyo alikuwa jirani yao, na hivyo ndivyo alivyozoea kumtania. Miguu yake ilikuwa imevimba, na hakuweza kutembea bila ya kushikwa. “Kuku tu wanakushinda, mume wetu utamuweza?”

“Nitakuachia peke yako, bibi!”

Wote wawili wakacheka. Hayo yalikuwa maneno yao ya mwisho.

Moto ulianzia jikoni kwa Bi Shadya. Mkwewe aliacha kuni zikiwaka akaenda kisimani. Cheche zikashika makuti ya banda la jiko, na upepo ukaupeleka moto kwenye paa la nyumba. Jabir, mtoto wa Bi Shadya, alipiga simu 114. Alitaja jina la kijiji na msikiti ulio karibu, akasema ndani mna mgonjwa. Alijaribu kuingia, moshi ukamrudisha. Majirani wakajipanga kutoka kisimani, wakawa wanapokezana ndoo.

Gari ya zimamoto ilitokea Chake Chake, king’ora kikilia. Rahila ndiye aliyeiona mwanzo. Alisimama katikati ya njia, akainua mikono, akapiga ukelele ambao kila mtoto wa pale huujua kabla ya kujua kusoma, ule unaopigwa mvua inapokaribia.

“Anueni! Anueni!”

Dereva akafunga breki. Watu nao wakafanya walichozoea. Waliokuwa kwenye mstari waliweka ndoo chini, wakayakimbilia majamvi, wakawa wanazoa karafuu kwa mikono. Afande Pandu, mkuu wa wazimamoto wale, aliruka chini.

“Tokeni njiani! Gari ipite juu yake!”

Hakuna aliyeondoka. Barabara ilijaa watu walioinama. Wazimamoto wawili walikimbia kwa miguu hadi kwenye nyumba, lakini maji yalibaki ndani ya gari.

Njia ilipokuwa wazi, paa lilikuwa limeanguka. Bi Shadya alitolewa akiwa bado anapumua. Alifariki hospitali kabla ya magharibi, na akazikwa kesho yake.

Baada ya khitma ya kumwombea marehemu, sheha alimwomba Afande Pandu azungumze na wanakijiji kwenye baraza ya chuo cha Kurani.

“Nani aliyeisimamisha gari?” Afande aliuliza. “Sikuja kumkamata mtu. Nataka nijue lilivyotokea, lisitokee tena.”

Bi Mwatum, mama yake Rahila, alimshika mwanawe mkono. “Nyamaza,” alimnong’oneza.

Rahila alisimama. “Ni mimi, Afande. Mimi ndiye niliyepiga ukelele.”

Bi Mwatum akasimama pia. “Mimi ndiye niliyemfundisha. Na majamvi ni yangu.”

Jabir alikuwa amekaa karibu na mlango. Alizungumza bila ya kuinua uso.

“Nilikuwa na ndoo mkononi,” alisema. “Mama yangu yumo ndani. Niliposikia ‘anueni’, niliiweka chini nikaenda kuanua karafuu.”

“Afande,” Rahila aliuliza, “kama gari ingepita, bibi angekuwa hai?”

“Sijui,” alisema Afande Pandu. “Sitakudanganya ili ufurahi, wala ili ulie. Moshi huua haraka, na pengine tungechelewa hata hivyo. Ninalolijua ni kuwa gari ilikuwa na maji, na ilisimama. Umesema kweli mbele ya watu, na sasa tunajua la kurekebisha. Karafuu zikipondwa, mtachuma nyingine. Mtu hachumwi. Barabara iwe wazi kila siku, na king’ora kikilia, kaeni kando.”

Kisha akaeleza mengine: moto wa jikoni usiachwe peke yake, banda la jiko lijengwe mbali na nyumba, na kila nyumba iwe na ndoo ya mchanga. Akataka pia majirani wakubaliane mapema nani atamtoa mgonjwa na nani atapiga simu.

Asubuhi iliyofuata majamvi yote yalihamishiwa uwanja wa mpira. Rahila na Jabir walilibeba la mwisho pamoja. Mchana, Afande Pandu alikuja kuijaribu njia. Gari ilitoka barabara kuu, ikaingia kijijini, ikafika penye kuta nyeusi za nyumba ya Bi Shadya bila ya kusimama.