Droo ya Chini Iachwe Ikwaruze

Droo ya chini haikulia. Hilo ndilo lililomshtua Shamila, maana tangu aolewe katika nyumba ile ya mtaa wa Kanyenye hajapata kuisikia ikifunguka bila kukwaruza mpaka meno yaingie ganzi, na sasa ilikuwa wazi, imetoka yenyewe, kimya, kama ulimi.

Aliyeitengeneza ni yeye. Kasha la zana lilikuwa la babu yake Abasi, mumewe. La mninga, lenye droo nne, na kila mwaka wakwe zake walizipaka reli zake za mbao nta ya nyuki ili droo ziteleze. Tatu za juu tu.

"Ya chini iachwe ikwaruze," Bi Mwanahawa, mama mkwe wake, alimwonya alipoolewa. "Aliyemo akitaka kutoka, tumsikie."

Shamila na kidato chake cha nne akacheka moyoni. Basi Abasi alipokwenda Kipalapala kutengeneza madawati ya kanisa, akaona awaonyeshe kuwa si goigoi kama anavyosemwa. Akaichomoa droo, akapiga msasa reli palipovimba, akagongomea kipande kilichobanduka. Nta imefungiwa chumbani kwa mkwe, akaitoe wapi? Akachukua chupa ya mafuta anayompaka mwanawe Awadhi baada ya kuoga. Akapaka. Droo ikateleza kama samli kwenye kikaango.

Kesho yake mtoto hakulia. Hakulia njaa, hakulia usingizi. Alikaa tu mkekani anaitazama droo, anacheka, ananyoosha mikono kama anayetaka kubebwa. Shamila akaifunga. Adhana ya magharibi ikaikuta wazi. Akainama kuifunga tena, na humo ndani, kwenye patasi zenye kutu, mlikuwa mnanukia utosi wa mwanawe, maziwa na mafuta, harufu mbichi kabisa. Akamkimbilia mtoto, akamnusa shingoni. Ananuka kutu.

"Mama! Mama njoo!"

Bi Mwanahawa alisimama mlangoni, akaitazama droo, akashika kichwa. "Nani kaigusa?"

"Ni mimi, mama. Nilitaka tu iwe nzuri."

"Nzuri! Mwanamke wewe, nzuri kwa nani?"

Wakamwita Shehe Majidi kutoka Kwihara. Shamila akamwamkia kwa sauti ndogo, "Shikamoo shehe," naye akaitikia bila kuliachia kasha macho. Akafukiza ubani mpaka chumba kikawa ukungu, kisha akanong'ona:

"Jini huyu hufuata alichopakwa. Ukimpaka kitu cha mtu, humfuata mtu huyo. Sema kweli, binti yangu. Ulipaka nini?"

Macho ya mkwe yakamgeukia. Shamila akaona atakavyosimuliwa Kanyenye nzima, yule mama msomi aliyempa jini mafuta ya mwanawe, na uso ukamwaka moto.

"Nta," akasema. "Nilipata kidogo kwa jirani."

"Mbona nasikia kama pananukia..." Bi Mwanahawa akaanza.

"Ni ubani, mama."

Shehe akasoma, akanyunyizia reli maji ya chumvi, akaamuru nta yote ya nyumba ichomwe uani. Ikachomwa. Droo ikafungwa, ikatulia, na mtoto akalia kwa njaa kama watoto wengine, na Bi Mwanahawa akatokwa na machozi ya furaha.

"Lete mjukuu wangu," akasema. "Leo namwogesha na kumkanda mwenyewe."

Shamila alikuwa jikoni anakoroga uji aliposikia maji yanamwagwa, akasikia mkwe anaimba, akakumbuka chupa aliyoificha nyuma ya mtungi, akatoka mbio mwiko mkononi, akafika akakuta mtungi umesogezwa na chupa i wazi na Awadhi yuko mapajani mwa bibi yake anang'aa mafuta kuanzia utosini hadi nyayoni, na maneno yakamjaa kinywani yote kwa pamoja, mama acha, mama mfute, mama nilidanganya.

"Nini tena?" Bi Mwanahawa akauliza, akitabasamu, kwa mara ya kwanza tangu amjue.

Lile tabasamu likamziba. "Hamna, mama."

Awadhi akanyamaza ghafla. Akageuza shingo kuelekea chumba cha zana, akacheka, akanyoosha mikono abebwe. Na huko ndani hapakusikika kitu chochote. Reli alikuwa ameipaka vizuri.