Kinamasi Kilichosawazishwa

Nyuma ya nyumba ya Bi Maryamu, si mbali na Tumbe, palikuwa na msitu wa kinamasi. Ilikuwa miaka michache kabla ya vita vya Hitila. Asubuhi Maryamu aliingia humo kukata ukindu, majani ya mkindu ya kusukia mikeka. Jioni alikaa barazani akisuka ukili, utepe wa kushonea mkeka. Safari hii alisuka kwa haraka, maana binti yake Ghania alikuwa ameposwa. Alitaka kumpa mkeka wa harusi wa ukindu wa nyumbani, kama yeye alivyopewa na mamake.

Jirani yao, Bi Hija, alichuma majani ya dawa humo humo. Alipenda sana vitendawili.

"Kitendawili!" alisema siku moja.

"Tega," akajibu Ghania.

"Nyumba yangu sakafu yake mashimo na vijilima. Nikiisawazisha, wapangaji wanahama."

"Nyumba ya panya?"

"Panya mwenyewe! Nipe mji."

Maryamu akacheka. "Hatukupi, Bi Hija. Ukichukua miji yetu yote tutakaa wapi? Ngoja tufikiri."

Hawakufikiri.

Maryamu alikuwa na lake moyoni. Aliona mikindu inaota pembeni tu, penye unyevu lakini maji hayatuami.

"Babake Ghania," alimwambia mumewe Nyange, "mle ndani ni madimbwi ya bure. Tukichimba mfereji maji yakatoka, tukasawazisha vijilima, mikindu itajaa kote."

"Na miti mingine je?"

"Miti mingine nitaisukia mkeka?"

Nyange akachukua jembe.

Maji yakatoka. Vijilima vikafukiwa mashimoni. Kiangazi kilipofika, miwale iliyosimama madimbwini ikawa manjano, ikaanguka. Mitomondo haikutoa maua. Makangaga ya dawa ya Bi Hija yakaungua kwa jua. Na mikindu yenyewe? Ukindu ulitoka mfupi, ukikatika vidoleni. Zilizojaa kote ni nyasi ngumu za aina moja. Mkeka wa Ghania ulikuwa umefika nusu.

"Hodi!" Bi Hija alisimama mlangoni na pakacha tupu.

"Karibu, Bi Hija."

"Sikaribii. Makangaga yangu yako wapi, Maryamu?"

Bi Hija akamshika mkono, wakaenda kinamasini, Ghania nyuma yao.

"Tia mkono hapa."

"Pakavu."

"Na hapa?"

"Pakavu vilevile."

"Basi ndiyo hayo. Mwale hutaka miguu majini. Mtomondo hukaa ukingoni, maji yanapopita taratibu. Kangaga hutaka kivuli na gogo lililooza. Mche mchanga huanzia juu ya kijilima, mvua kubwa isiuzamishe. Na mkindu wako ulikuwa ukinywa unyevu wa madimbwi hayo hayo unayoyaita ya bure. Mahali pakiwa pa namna nyingi, mimea huwa ya namna nyingi. Wewe umepafanya pa namna moja."

Ghania akashika mdomo. "Bi Hija! Ile nyumba ya kitendawili ni kinamasi!"

Maryamu akainama. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Tumeshindwa, Bi Hija, tumekijua tumechelewa. Sema unataka mji gani."

"Sina haja, mwanangu. Mji umeshautoa."

Kesho yake Nyange aliuziba mfereji kwa udongo na mawe. Wakafukua mashimo, wakarudisha vijilima. Magogo yaliyoanguka wakayaacha yaoze palepale.

Lakini harusi haikungoja. Ghania aliolewa akiwa na mkeka wa rangi mbili: nusu ukindu wa kwao, nusu wa kununua. Wageni waliusifu. Maryamu alijua mshono ulipo.

Masika yalipopita, maji yalituama tena. Makangaga yakachipua juu ya magogo. Miche ya mtomondo ikasimama kwenye vijilima. Mwaka uliofuata ukindu ukawa mrefu, laini kama zamani. Bi Hija akarudi na pakacha lake, akaondoka limejaa. Na jirani yeyote aliyetaka kuchimba mfereji, Maryamu alimtembeza kwanza humo ndani.

Ghania naye alipata binti. Siku moja walikuja kukata ukindu pamoja na bibi.

"Bibi, mwale ndio mti gani?" mtoto akauliza.

Maryamu alitazama huku na huku. Kisha akanyoosha kidole kwenye dimbwi lililokuwa na maji matupu.

"Ulikuwa unasimama pale," akasema.