Ufunguo wa Tatu

"Nipe funguo za gari, Vasemaca, nina—"

"Sikupi! Unanuka pombe toka—"

"Mwanamke, hilo ni gari la mume—"

"La mume? Kadi ina jina langu! Nenda kwa miguu, upepo ukupige!"

Hao ni majirani zangu hapa Lautoka, Sakiusa na mkewe Vasemaca, ndugu msomaji. Na asubuhi yenyewe ilianza vizuri tu: mihogo inachemka, binti yao Salote anafua huku anaimba. Lakini Sakiusa akishakunywa haendeshi gari, analirusha. Ndiyo maana mkewe alizificha funguo zote mbili. Gari lenyewe lina kinga ya wizi, injini haiwaki mpaka iutambue ufunguo wake. Basi Vasemaca akaenda sokoni na amani yake.

Sakiusa akampigia simu Inoke, fundi funguo, binamu yake. Kwetu Fiji mabinamu ni watani wakubwa, na binamu akikwambia "kerekere", yaani nakuomba, huna mdomo wa kukataa. Ukikataa, ukoo mzima utakusema mpaka uzeeke.

Inoke akaja na mkoba wake. "Mwenye gari yuko wapi?" akauliza, maana mafundi wa funguo huanzia hapo: mwenyewe awepo, na kadi yake.

"Mwenye gari si mimi, kichwa cha pweza wewe?"

"Pweza anakuzidi akili. Umekunywa?"

"Kidogo. Kerekere, binamu."

Inoke akacheka. Akachomeka mashine yake chini ya usukani, akatoa ufunguo mpya, wa tatu, akalifundisha gari kuutambua. Gari likawaka. Gari haliwezi kujua nani amelewa. Inoke aliweza, na alijua.

Sakiusa alipokuwa anatoka, Salote akaomba lifti ya kwenda kwenye mazoezi ya kwaya. Kufika darajani, gari likaingia mtoni.

Sakiusa alitoka. Salote hakutoka.

Funzo

Ndugu zangu, mlevi akifichiwa funguo, usimtengenezee mwingine. Undugu haukulazimishi kumsaidia mtu kuua. Nawe fundi, swali la mwenye gari yuko wapi si salamu. Usipopata jibu, funga mkoba uondoke, acha waseme.

Hapo ndipo nilipotaka kuishia. Ila msibani Inoke alikuja na jino la nyangumi, kuomba msamaha kama desturi inavyotaka. Akapiga magoti, hakuinua uso. Vasemaca akalipokea lile jino. Na likishapokelewa, kwetu watu huona mambo yamekwisha, hakuna wa kuyafukua. Wazee wakashusha pumzi. Mmoja alishaanza kukanda mizizi kwenye maji, kinywaji chetu cha desturi, ili watu wanywe pamoja.

"Nimekusamehe, Inoke," Vasemaca akasema. "Sasa nakuomba unyanyuke, twende wote kituoni, ukawaambie polisi nani alimtengenezea mume wangu ufunguo."